Wanakata alama pasipo na kosa

Mhariri,

Baadhi ya walimu wetu wa Kiingereza wanawakata watoto alama kwenye sentensi zisizo na kosa. Daftari moja la kidato cha pili nililoliona hapa Ujiji lina “The committee have not agreed”, imewekewa kosa kwa wino mwekundu na pembeni pameandikwa “has”. Kwa Kiingereza cha Uingereza, ambacho ndicho tunachodai kukifundisha, sentensi hiyo ni sahihi: wajumbe wakifikiriwa kila mtu na lake, kitenzi huenda wingi, kamati ikichukuliwa kama chombo kimoja, huenda umoja. Wanaong'ang'ania umoja karibu kila mara ni Wamarekani. Mtangazaji wa mpira wa Uingereza husema “Liverpool are”, na vijana wetu wanamsikia kwenye vibanda umiza kila wikendi.

Wakati huohuo “informations” na “furnitures” zinapita bila kuguswa, wakati hizo hata Mmarekani hazitetei.

Chanzo kimojawapo cha makosa ya watoto ni ngeli zetu. Kwetu mawese ni ya wingi hata yakiwa kijiko kimoja: yamemwagika, yameganda, yamepanda bei. Mtoto aliyekua akisikia hivyo soko la Mwanga ataandika “The oil are expensive” bila kusita. Mwalimu anamjibu kwamba mafuta hayahesabiki, basi, anafuta ubao. Lakini hata Mwanga hakuna anayehesabu mawese, tunahesabu madumu, na bado tunasema “yamepanda”! Aambiwe wazi kwamba Kiingereza huyapa mafuta na maji kitenzi cha umoja, liwe tone moja au Ziwa Tanganyika zima. Kwa polisi tunakubaliana na Waingereza: polisi wamefika, “the police have arrived”. Ila polisi mmoja kwetu bado ni polisi, kwao huwa “a police officer”. “News” nayo ina s mwishoni na bado ni umoja; sisi tukisema habari ni njema, hakuna anayejua kama ni moja au kumi.

Nawaomba walimu wa somo hili, kabla ya kusahihisha mitihani ya muhula, wakubaliane kuzipokea “committee”, “team”, “family” na “government” kwa umoja na kwa wingi, mradi mwanafunzi asianze na “is” akamalizia na “are” katika sentensi hiyohiyo.

Mzazi,
Ujiji, Kigoma