Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama Wahandisi na Mafundi wa Ulinzi wa Mitandao ya Umeme

Ndugu wanachama,

Nawasilisha kwenu taarifa ya mwaka. Shughuli za kawaida mnazijua, sitazirefusha. Vikao vya kamati vilifanyika, warsha ya kupima rilei (vifaa vinavyogundua hitilafu na kuamuru umeme ukatwe) ilifanyika na waliohudhuria walipewa vyeti, na hesabu za mhazini zimepitishwa na mkaguzi. Namshukuru katibu, ambaye mihutasari yake hutoka kwa wakati ingawa wanaoisoma ni wachache.

Nije kwenye jambo lililowafanya baadhi yenu kuniandikia barua, nyingine bila saini. Ni kweli kwamba kamati, kwa pendekezo langu, imeuondoa mwongozo wa zamani uliotaka pengo la muda la sekunde 0.4 kati ya rilei na ile inayoisaidia nyuma yake ikishindwa kukata, popote pale. Mwongozo mpya unaruhusu sekunde 0.3 pale tu ambapo rilei zote mbili ni za kidijitali na breka (swichi inayokata mkondo) imepimwa kasi yake. Kwa mitandao ya pete, yaani ile ambayo laini zake huunda mduara, unataka mipangilio ya rilei itafutwe kwa kompyuta. Imesemwa kwamba tumeuchezea usalama. Haya, tuhesabu.

Pengo lile lina vitu ndani yake: muda wa breka kukata mkondo, makosa ya rilei na ya transfoma za mkondo zinazoipimia, akiba ya tahadhari, na kitu ambacho rilei za kidijitali karibu hazina, yaani kile kisahani cha rilei za zamani kinachoendelea kuzunguka kidogo hata baada ya hitilafu kukatwa. Sasa chukueni fida (laini inayopeleka umeme kwa wateja) yenye rilei nne mfululizo, na hitilafu imetokea mbele ya ile ya mwisho, inayokata kwa sekunde 0.3. Kwa pengo la 0.4, zilizo nyuma yake zinasubiri 0.7, 1.1 na 1.5. Kwa pengo la 0.3 zinasubiri 0.6, 0.9 na 1.2. Joto linaloingia kwenye nyaya na transfoma hukua kwa mraba wa mkondo na kwa muda. Kiwango cha IEC, shirika la kimataifa la viwango vya umeme, huhesabu uvumilivu wa joto wa transfoma kwenye shoti kwa sekunde 2. Anayeona sekunde 0.3 ni kitu kidogo mbele ya 2 asimame kwenye mkutano aeleze.

Mzee wetu mmoja, aliyenifundisha kuchora kwa penseli, kwenye karatasi ya logi, mikunjo ya rilei (inayoonyesha rilei hukata kwa muda gani kwa kila mkondo), amelalamika kwamba kompyuta inatoa jibu lile lile la penseli. Kwa fida iliyonyooka amesema kweli, na sijawahi kumbishia. Rilei ya mwisho ikiwekwa kizidishi cha muda (namba inayorefusha au kufupisha kusubiri kwake) cha 0.1 kwenye mkunjo wa kawaida wa IEC, mkondo ukifika mara 10 ya mkondo wa kuanzia, yaani ule unaoiamsha, inakata kwa takriban sekunde 0.3. Ya nyuma yake, inayouona mkondo huo kuwa mara 5 ya wake, inahitaji kizidishi cha 0.14 ili ikate kwa 0.6. Hapo penseli inatosha na chai inabaki moto.

Lakini pete haina mwisho wa kuanzia. Rilei ya kwanza inamsubiri jirani yake, jirani anamsubiri wa tatu, na ukizunguka wote unakuta wa mwisho anamsubiri wa kwanza. Ukiongeza muda hapa, jozi ya kule inavunjika. Mwaka 1988 mtafiti Urdaneta na wenzake walionyesha kwamba mikondo ya kuanzia ikishachaguliwa, muda wa kila rilei hupanda sawia na kizidishi chake, kwa hiyo unatafuta jumla ndogo ya muda huku kila jozi ikitunza pengo lake, na njia ya simpleksi ya mwanahisabati Dantzig, ya kutafuta jibu bora katika hesabu zilizonyooka, inamaliza kazi. Ukitaka na mikondo ya kuanzia itafutwe, hesabu inapinda, na watu hukimbilia algorithimu za kijenetiki, zinazobahatisha majibu mengi na kuyachanganya yaliyo bora. Hizo hatukuzilazimisha kwa sababu zinaweza kukupa jibu jingine kila unapoziendesha. Tahadhari hiyo niliisisitiza mimi, na hakuna barua hata moja iliyoitaja.

Kuhusu kituo kilichozimika chote kwa hitilafu ya fida moja, ambacho kimekuwa fimbo ya kunichapia: rilei ya nyuma pale ilikuwa ya kisahani, ikapewa pengo la sekunde 0.3, na breka ya mbele haikuwa imepimwa. Ukurasa wa pili wa mwongozo unakataza yote mawili. Wapo wanaosoma ukurasa wa kwanza tu kisha wanailaumu kamati.

Mwongozo pia unataka mipangilio ipitiwe kila mzigo unapokua. Tarehe 9 Novemba 1965, rilei ya laini moja kwenye kituo cha umeme cha Sir Adam Beck, Ontario, Kanada, ilikata kwa sababu kiwango ilichowekewa kilikuwa kimepitwa na mzigo. Laini za jirani zikafuata, na watu wapatao milioni 30 wakakosa umeme. Rilei yenyewe haikuwa mbovu. Ilifanya ilichoambiwa zamani.

Kwa wanaodai hawakuulizwa: rasimu ya mwongozo ilitumwa kwa kila mwanachama na mkutano ukaitwa. Akidi haikutimia, ukaitwa tena, ikakosekana tena. Katiba inairuhusu kamati kuamua hali ikiwa hivyo. Waliolipa ada hawafiki nusu, na kati ya walioandika barua kali zaidi, wengi jina lao haliko kwenye daftari la mhazini. Kifaa cha kupimia rilei tunaazima kila warsha kwa sababu hiyo.

Mwaka ujao tunatumaini kushughulikia fida zenye umeme wa jua, ambako mkondo wa hitilafu hutoka pande mbili na inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa jua uwe wa kutumika kwenye mtandao) huchangia mkondo mdogo kiasi kwamba rilei ya kawaida inaweza isiuone. Tunafikiria mipangilio inayobadilika kulingana na hali ya mtandao, hali ya fedha ikiruhusu. Mhazini atakuwa mlangoni na kitabu cha stakabadhi kabla ya mjadala wa taarifa hii kuanza, na kwa mujibu wa katiba, asiyelipa hatapiga kura.

Mwenyekiti