Safari ya jangwa la Namib, Namibia: someni kabla ya Jumapili

Jambo yenu wote. Maswali yamejaa tangu asubuhi, najibu yote hapa.

Njia ni ileile: tunatoka Lubumbashi, tunavuka mpakani Kasumbalesa, Zambia hadi Sesheke, daraja la Katima Mulilo kuingia Namibia, kisha Windhoek. Tukishavuka Kasumbalesa tunaendesha upande wa kushoto, na usukani wetu uko kushoto. Kwa hiyo anayekaa kando ya dereva asilale. Yeye ndiye macho ya dereva wakati wa kupita malori.

Kinachonipa wasiwasi ni kipande cha Solitaire, kile kituo kidogo cha jangwani, hadi Walvis Bay pwani. Ni zaidi ya kilomita 200, sehemu kubwa changarawe, hakuna pa kununua mazuti katikati. Gari lenye vitanda na jiko ndani ni zito, na vile vimatuta vya barabara hulegeza kila skrubu. Mara ya mwisho kabati lilifunguka, unga wote ukamwagika juu ya godoro, tukala mkate siku mbili. Safari hii unga unakaa kwenye ndoo yenye kifuniko! Upepo wa matairi tutaupunguza kidogo kwenye changarawe, tuurudishe tukifika lami. Matairi ya akiba mawili, si moja. Bidoni za maji tunajaza Windhoek. Usiku hatuendeshi, wanyama huvuka.

Kadi ya njano ya chanjo msisahau. Blanketi pia, jangwani usiku baridi inauma.

Mwenye deni la mchango alete Jumapili baada ya ibada, kwangu Kenya. Komini ya Lubumbashi, jamani, si Nairobi.