Ule si moshi, shoga

Kiyindi, Buikwe
Jumapili jioni

Shoga yangu Mwanaisha,

Salamu zako na za watoto nimezipata. Unaniuliza kama ziwa letu la Viktoria limeshika moto! Hapana mwenzangu, ule moshi uliouona kwenye video ni wadudu. Sami, ndivyo wavuvi wa huku wanavyowaita. Wanasimama juu ya maji kama nguzo, na upepo ukigeukia nchi kavu basi fumba mdomo, funika sufuria. Juzi nimemwaga birika zima la chai, na dagaa niliowaanika wakawa weusi kwa wadudu, mnunuzi akanikata bei.

Najua unavyoogopa malaria. Hawaumi. Ukiwaona utaapa ni mbu, lakini mdomo wa kunyonya damu hawana. Wakishaota mbawa wana siku chache tu: wapandane, watage, wafe.

Mkali ni mtoto wao. Kuna kijana wa chuo amepanga kwa jirani, anapima maji. Usiku mmoja kanipa bilauri ya maji ya ziwa na tochi. Nikamwambia, mbona tupu? "Tazama vizuri, mama." Nikaona vidoa viwili vya fedha mbele, viwili nyuma, katikati hamna kitu. Kumbe ni buu, mwili kioo kitupu, hata sentimita mbili hajafika. Vile vidoa ni vifuko vya hewa, ndivyo vinavyomfanya aelee amelala sawa, hatikisiki. Kikapita kidudu cha maji, kidogo kama chenga ya unga. Mara hakipo! Kijana akasema buu amekidaka kwa vipapasio vyake vya kichwani, vimejikunja kama ndoana. Nilikaa na ile bilauri mpaka wali ukashika chini.

Mchana mabuu hao wanajificha kwenye tope, samaki wasiwaone, usiku ndio wanapanda kuwinda. Na sami kutoka majini kwa wingi hivi ni karibu na mwezi kuandama. Yaani giza lile lile letu la kwenda kuvua na taa! Tena dagaa wanawala. Miaka yote nawatukana, kumbe ndio wanaoninenepeshea mzigo.

Jina lao la kitaalamu kaniandikia nyuma ya risiti: Chaoborus. Mmoja wa jamii hiyo ni Chaoborus edulis, jina alilopewa na mtaalamu wa wadudu Edwards mwaka 1930, na hilo la pili maana yake "wa kuliwa". Si mzaha. Kule Ziwa Nyasa watu huwakusanya, wakawafinyanga mikate, inaitwa kungu. Kijana ananiambia nijaribu. Nikamwambia aanze yeye.

Gunia lako la dagaa nimelipakia basi la Ijumaa. Ukikuta vieusi vieusi kama majani ya chai, usinipigie simu kugomba. Pepeta kwanza.

Wako,
Mama Saidi