"Lay" si jina la ukoo

Mhariri,

Makala yenu kuhusu waandishi na wachekeshaji wa Myanmar ilistahili nafasi mliyoipa. Kasoro yake ni majina, nayo si ndogo, maana imewapoteza watu.

Mwandishi wenu ametaja jina kamili mara moja, kisha akashika neno la mwisho: "Lay alifungwa", "Lay aliandika". Kwetu hilo lina mantiki, kwa kuwa neno la mwisho aghalabu ni la baba au babu. Waburma, watu walio wengi Myanmar, hawana jina la ukoo. Kwa kawaida mtoto hachukui jina la baba, wala mke hachukui la mume. Maneno yote ya jina ni ya mtu mmoja. Lay maana yake ni "-dogo", na linakaa mwishoni mwa majina ya watu wasiohusiana: Ma Ma Lay wa riwaya, Nyi Pu Lay wa hadithi fupi, na Par Par Lay, mchekeshaji wa Mandalay aliyehukumiwa miaka 7 mwaka 1996 baada ya onyesho nyumbani kwa Aung San Suu Kyi, kiongozi wa upinzani wakati huo. Faharasa ikipangwa kwa "Lay", hao watatu wanageuka jamaa, huku Lu Maw, ndugu wa damu wa Par Par Lay na mwenzake jukwaani, akitupwa kwenye M. Wazazi wa Nyi Pu Lay ni Ludu U Hla na Ludu Daw Amar, na hakuna neno hata moja wanalochangia na mwana wao.

Hiyo "Ludu", yaani umma, ni jina la gazeti lao la Mandalay lililofungwa mwaka 1967. Vivyo hivyo Ma Ma Lay hujulikana kama Journalkyaw Ma Ma Lay, kwa jarida alilolianzisha na mumewe mwaka 1939. Neno la mbele ndilo linalomtambulisha mwandishi kwa wasomaji wake, na ndilo mlilolikata. Daktari na mwandishi Ma Thida, aliyehukumiwa miaka 20 mwaka 1993, huandikwa Ma Thida (Sanchaung), kwa mtaa wa Yangon, asichanganywe na wenzake wa jina hilo. Mabano hayo msiyaondoe.

U na Daw ni heshima, kama Mzee na Mama kwetu. U Thant, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa 1961 hadi 1971, jina lake ni Thant tu; "Bwana U Thant" ni kumpa ubwana mara mbili. Ko na Ma ni kaka na dada, lakini hapo pana mtego: "Ma Ma" ya Ma Ma Lay imo ndani ya lakabu yenyewe, haiondolewi.

Basi andikeni jina zima kila mara. Kwenye faharasa rukeni U na Daw, pangeni kwa neno linalofuata, na lakabu yenye jina la jarida ipate ingizo la pili. Tahajia ya Kilatini haina kanuni moja: Zarganar, mchekeshaji aliyesomea udaktari wa meno na kujiita "kibano", huandikwa pia Zargana. Chagueni moja, nyingine ielekeze huko.

Marekebisho yaanze na aya ya nne, ambapo Par Par Lay amepewa hadithi za Nyi Pu Lay.

Mkutubi,
Tanga