Mazoezi ya Kilimanjaro Marathon yanaanza Jumamosi

Habari zenu wapendwa,

Jumamosi hii tukutane Coco Beach saa 11:30 alfajiri, kabla jua halijawa kali. Wengi wetu hatujakimbia tangu mvua za masika, na karibu wote ni mara ya kwanza kuzijaribu kilomita 42.

Tutakimbia dakika 3, tutatembea 2, kwa nusu saa tu. Nawaomba sana msiongeze, hata mkijisikia na nguvu. Pumzi hurudi mapema; kano na mifupa ndiyo huchelewa, na hapo ndipo watu huumia magoti na ugoko. Ukiweza kuongea na mwenzako huku unakimbia, kasi yako ni sahihi.

Kule Moshi, mbio zinakofanyika, kuna mlima wa kuelekea Mweka, na Dar yetu ni tambarare. Baadaye nafikiria twende Pugu, kwenye vilima. Anayejua njia salama huko aniambie.

Mwenye presha au aliyewahi kuumia amwone daktari kwanza. Maji kila mtu aje na yake.

Dada zetu mnaotoka mbali, niandikieni tupange usafiri wa pamoja. Saa hizo bado giza, sitaki mtu atembee peke yake.