Kwa wanaotaka kujenga tena ufukweni

Assalamu alaikum, wanangu wa Kibirizi, Katonga na mwambao wote wa Ujiji.

Nimesikia tofali zimeanza kushushwa tena. Maji yamerudi nyuma, mchanga umekauka, na aliyehamia kwa shemeji yake huko juu amechoka kuwa mgeni. Simlaumu mtu. Ila kabla hamjachimba msingi nisikilizeni, maana wengi wenu mnalipima Ziwa Tanganyika kwa umri wenu, nao bado ni mdogo.

Mnasema maji ya 2020 na 2021 yalikuwa mkosi, na mkosi umepita. Mbona 2024 ziwa lilipanda tena, wenzetu wa Gatumba kule Burundi wakahama makwao? Wazee wenzangu tunazikumbuka mvua za 1961 hadi 1964, ziwa lilivyovimba. Na kabla yetu kulikuwa na makubwa zaidi. Nendeni pale kwenye kumbukumbu ya Livingstone na Stanley, walipokutana mwaka 1871. Enzi hizo ziwa lilikuwa karibu na pale. Leo ukisimama hapo unaliona liko mbali kule chini, na katikati watu wamelima na kujenga kana kwamba ardhi ile haikuwahi kuwa na mwenyewe.

Sababu yake iko ng'ambo, Kalemie, upande wa Kongo. Ziwa letu linapokea Malagarasi, Ruzizi, Luiche na vijito visivyo na idadi, lakini njia ya kutokea ni moja tu, mto Lukuga. Ni kama beseni lililowekwa chini ya paa, lenye tundu moja dogo ubavuni. Maji mengi hayaondoki hata kwa tundu hilo, yanaondoka kwa jua. Miaka ya 1870 mlango wa Lukuga ulikuwa umezibwa na mchanga na majani, ziwa likapanda mpaka mwaka 1878 hivi lilipoupasua. Baada ya hapo likashuka kama mita 10 katika muda usiofika miaka 20. Ziwa lina kilomita za mraba zipatazo 32,900. Masika mabaya mawili yakifuatana, maji yanakuja upesi. Kuondoka kwake kunachukua miaka. Kwa hiyo mwaka mmoja mkavu si ushahidi wa kitu chochote.

Na hili si gharika la mto, linalopita usiku asubuhi mkaanika magodoro. Maji ya ziwa yakiingia yanakaa. Tofali mbichi linakunywa maji kutoka chini mpaka ukuta unalala wenyewe. Hata tofali la kuchoma, msingi ukitota miezi, nyufa zinafika dirishani. Choo nacho kinafurika, kisha maji yale yale tunayachota. Sisi wa Kigoma kipindupindu hatuhitaji kusimuliwa.

Sasa ushauri wangu, na najua hautawapendeza nyote. Kazi ibaki chini, kitanda kipande juu. Ufukweni wekeni vichanja vya dagaa, banda la nyavu na injini, kibanda cha mbao na turubai cha kupumzikia mkisubiri mitumbwi. Viwe vitu ambavyo maji yakija vijana wanne wanavihamisha kwa siku moja. Saruji, bati jipya, vyeti vya watoto na kitanda cha bibi, vyote vipande mlimani. Mwanamke anayeanika dagaa atalalamika kuwa atapanda na kushuka kila siku, na ana haki ya kulalamika. Basi wanaume mpunguze maneno na mchange nauli ya bajaji ya kubebea mizigo. Kuijenga nyumba ile ile mara tatu ni ghali zaidi.

Lakini msikimbilie mbali. Dar es Salaam, baada ya mafuriko ya Desemba 2011, watu wa mabondeni walipewa viwanja Mabwepande. Baadhi yao walirudi Jangwani, kwa sababu riziki ilibaki mjini. Anayewaambia tu "hameni" bila kuuliza mtakula nini, msimsikilize sana. Tafuteni mwinuko wa karibu, mnaoweza kushuka kwa miguu. Tena si kila mwinuko: penye korongo linalokula udongo kila masika, mvua itafanya yale yale kutoka upande wa pili.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu ufukwe, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Mita 60 kutoka wapi, ndilo swali, maana ukingo wenyewe unatembea. Mimi nasema msianzie kuhesabu maji yalipo leo. Anzeni pale yalipoacha alama 2021.

Neno kwa wauzaji wa viwanja. Mnajijua. Mnasubiri kiangazi, mnafyeka matete, mnapigilia vigingi, halafu mnamwita mgeni aliyeshuka kwenye treni juzi. Aliye mwisho wa reli hana pa kukimbilia zaidi. Na ninyi wanunuzi, kabla ya kutoa hata shilingi, ulizeni majirani watatu wasiojuana na muuzaji maji yalifika wapi, kisha mwende kwa mwenyekiti wa mtaa na kwa afisa ardhi wa manispaa.

Alama za maji bado zipo kwenye kuta zilizobaki na kwenye mashina ya michikichi na miembe. Msizipake chokaa. Zipigieni rangi nyekundu kabla masika hayajazifuta, na ziunganishwe nyumba kwa nyumba, ili kila mtaa uwe na mstari wake. Kila Jumamosi baada ya Alasiri nipo barazani. Anayetaka tukapime kiwanja chake aje na kamba, na aje na mkewe, maana yeye ndiye anayejua maji yalianzia mlango gani.

Mzee wenu,
Ujiji