Jeli ya kufifia haitaki haraka

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika ukurasa wako. Mimi ni fundi wa kucha hapa Majengo, na nilikuwa mtiaji hina miaka mingi kabla sijashika chupa ya jeli. Kilichonifanya niandike ni vidole vya msichana mmoja aliyenijia wiki mbili baada ya Idi. Ngozi ya kando ya kucha imevimba, ina vipele vya maji, inabambuka kama ganda la kitunguu, na usiku hapati usingizi kwa kujikuna. Alipakwa jeli ya kufifia mkesha wa Idi, kwenye kibanda ambacho sitakitaja, na aliyempaka alikuwa na foleni ya watu tisa.

Jeli ya kufifia, wasichana wanaiita ombre, ni ile rangi inayokolea kwenye ncha ya ukucha kisha ikapungua polepole hadi shinani, usijue nyekundu imeishia wapi na maziwa yameanzia wapi. Mabibi harusi wanaipenda, na wana haki. Ukucha hukua kama milimita tatu kwa mwezi, na shina likiwa na rangi ya karibu na ukucha wenyewe, ule mwanya wa kukua hauonekani upesi.

Lakini ni kazi ya subira. Naondoa mng'ao wa ukucha kwa tupa laini, nafuta kwa spiriti, napaka jeli ya chini, nyembamba, mkono unaingia kwenye taa. Kisha rangi nyepesi, tuseme ya maziwa, ukucha mzima, taa tena. Hapo natia damu ya mzee kidogo kwenye ncha, nachukua brashi bapa kavu, na kuugusagusa mpaka wa rangi mbili kama mtu anayefagia unga asiutimue. Kila miguso miwili mitatu naifuta brashi kwenye kitambaa, la sivyo itaibeba nyekundu hadi shinani. Mara ya kwanza hutoka madoa madoa na mteja hukunja uso. Namwambia, subiri mwanangu. Taa. Mara ya pili rangi naishusha fupi zaidi, naigusagusa tena, taa. Mara nyingine na ya tatu. Ule mpaka unapotea kwa sababu ya tabaka nyembamba zilizopandana. Ukilazimisha upotee kwa tabaka moja nene, umeharibu.

Na kuharibu kwenyewe si kwa sura tu. Jeli haikauki kwa upepo kama rangi ya kucha ya kawaida, hugandishwa na mwanga. Taa nyingi za LED hutaka sekunde 30 hadi 60 kwa kila tabaka, zile za zamani za UV hutaka dakika 2. Damu ya mzee, nyeusi, hata nyeupe iliyokolea, huuzuia mwanga usifike chini. Ukipaka nene, juu panang'aa na chini bado ni uji. Mara nyingine utaona imekunjamana kama utando wa maziwa yaliyochemka. Wengine hutumia sponji ili wamalize upesi. Sponji huinyonya jeli, huacha viputo, na baya zaidi huikanyagia kwenye ngozi pande zote.

Ndani ya jeli mna kemikali za jamii ya akrileti, na mojawapo huandikwa HEMA kwenye chupa. Ikibaki mbichi juu ya ngozi ndipo aleji inapoingia, na ikishaingia kwa kawaida haitoki tena maishani. Mtu huyo anaweza kuja kupata taabu hata kwa daktari wa meno, kwa kuwa baadhi ya dawa za kuzibia meno ni za jamii hiyo hiyo. Ulaya wamechukua hatua: tangu 2021 chupa zenye HEMA lazima ziandikwe kuwa ni za mafundi pekee, na tangu tarehe 1 Septemba 2025 wamepiga marufuku TPO, mojawapo ya kemikali zinazoifanya jeli igande kwa mwanga. Hapa kwetu nimewahi kuuziwa chupa iliyobanduliwa karatasi. Nilipouliza mna nini ndani, muuzaji akanijibu, "Rangi, dada."

Nami nimewahi kukosea, na bado linaniuma. Mwaka wangu wa kwanza wa jeli, bi harusi wa Likoni alikuwa ananihimiza awahi feri, nikairuka taa ya tabaka la pili. Kucha mbili zilibanduka zima zima kama ganda la ukwaju, katikati ya harusi yake. Kesho yake nilivuka na asetoni, pamba na foili nikamtoa zote, dakika 15 kila mkono, bila kukwangua. Hakunilaumu. Ningependa angenilaumu.

Basi wateja wangu, tusemezane. Kufifisha vizuri kucha kumi ni saa moja na nusu. Mkinipunguzia bei na mkanihimiza, jeli itatumika ile ile. Kitakachopungua ni muda wa taa. Msije mkesha wa Idi, njooni siku mbili kabla. Na wanaoniuliza habari ya udhu, jibu langu halijabadilika: jeli haipitishi maji, kila mtu ajipangie siku zake.

Wenzangu mafundi, acheni uwazi mwembamba kama uzi kati ya jeli na ngozi. Ikigusa ngozi, ifuteni kwa kijiti kabla ya mkono kuingia kwenye taa, kwa maana ikishaganda hapo mmechelewa. Wenye maduka, tuuzieni chupa yenye maandishi yake. Na wanaofunza urembo vyuoni, mwanafunzi asipewe cheti kwa kucha nzuri za picha kabla hajaulizwa taa yake ni ya aina gani na inataka sekunde ngapi.

Yule msichana nilimwambia aende kwa daktari wa ngozi. Amekatazwa jeli kabisa. Vidole vilipopona alirudi kwangu, ana harusi ya dadake, akataka walau ncha zipate rangi. Nikamtia hina tupu, isiyotiwa piko. Ilitoka rangi ya chungwa, siku ya pili ikawa kahawia, na juzi alinionyesha, imeanza kufifia yenyewe.

Fundi wa kucha,
Majengo, Mombasa